Somo: Kompyuta kwa wanaoanza chuo, tuanze na kujua faili lako liko wapi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza, karibuni. Najua wengi wenu maombi ya chuo mmefanyia kwenye simu, mkopo wa HESLB kwenye simu, hata kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA. Kwa hiyo intaneti mnaijua. Kigeni kwenu ni kompyuta, na hasa jambo moja ambalo simu ilikuwa inawafichia: mafaili hukaa wapi. Simu ukiipigia picha, unaikuta kwenye picha, yamekwisha. Kompyuta inakuuliza uiweke wapi, na usipoijibu inajichagulia.

Mimi hilo nililijua baada ya kuumia. Muhula wa kwanza nilifungua kazi ya kundi moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, kwenye mashine ya maabara, nikachapa hadi usiku. Ctrl+S nilikuwa nabonyeza kila aya, sikuwa mzembe. Asubuhi kazi haipo. Kumbe muda wote nilikuwa nahifadhi kwenye folda ya muda, na mashine ile ilikuwa imewekwa ijisafishe kila inapozimwa. Wenzangu watano walinitazama kwa macho ambayo bado nayakumbuka.

Hatua ya 1: Jenga folda kabla ya vipindi kuanza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E. Ingia Documents, kisha Ctrl+Shift+N, folda mpya inazaliwa. Ipe jina la mwaka wa masomo, ndani yake weka muhula, ndani ya muhula kila kozi na folda yake. Majina ya mafaili yawe ya kueleweka: msimbo wa kozi, kazi ya ngapi, namba yako ya usajili. Ukipenda kuweka tarehe, anza na mwaka, kama 2025-11-03, yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Faili linaloitwa "assignment mpya ya mwisho kabisa 2" litakuaibisha siku ya kukusanya, kwa sababu kutakuwa na la 3 mahali fulani.

Hatua ya 2: Hifadhi kwanza, andika baadaye

Watu huandika kurasa nne ndipo wakumbuke kuhifadhi. Geuza. Fungua Word, ukurasa ukiwa mweupe bonyeza F12 (laptopu nyingine zinataka ushikilie Fn pamoja nayo), chagua folda, toa jina, ndipo uanze. Baada ya hapo Ctrl+S iwe kama kupumua. Ukifuta aya kwa bahati mbaya usitetemeke, Ctrl+Z inairudisha.

Faili likija kwa barua pepe au WhatsApp, lipakue, nenda Downloads, likate kwa Ctrl+X na ulibandike kwa Ctrl+V kwenye folda ya kozi yake. Lifungulie hapo. Ukiona juu ya ukurasa pameandikwa Read-Only au Protected View, simama, hakikisha kwanza faili liko kwenye folda ya kozi, ndipo ubonyeze Enable Editing. Mimi niliangukia hapo, kwa kutoangalia faili liko wapi.

Hatua ya 3: Nakala ya pili iwe mbali na ya kwanza

Fleshi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Inapotea na ufunguo wa chumba. Nakala ya pili iweke Google Drive, ghala la mafaili la mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure, ila zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na picha zako. Picha za send-off zikijaza nafasi yote, hata barua pepe mpya hazitaingia, na hapo ndipo mhadhiri atakapotuma mabadiliko ya ratiba.

Hatua ya 4: Steshenari unakwenda na PDF

Kazi ya Word ukiifungua kwenye mashine nyingine inaweza kuhama: jedwali linavunjika, kurasa 10 zinakuwa 11. Bonyeza F12 tena, kwenye aina ya faili chagua PDF. Hiyo haihami.

Hatua ya 5: Kutafuta kwa akili

Kuandika swali zima kwenye Google na kubofya jibu la kwanza, hiyo ni ya sekondari. Chukua mfano wa mtu wa sheria au maendeleo anayetafuta habari za ardhi ya kijiji. Andika hivi:

"ardhi ya kijiji" site:go.tz filetype:pdf

Alama za kunukuu zinataka maneno yafuatane kama yalivyo. site:go.tz inakubakiza kwenye tovuti za serikali yetu, na ukibadilisha kuwa ac.tz unahamia za vyuo. filetype:pdf inaleta nyaraka zenyewe badala ya maneno ya watu juu yake. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kwa makala za kitaaluma nenda Google Scholar, na pale unapoona PDF pembeni ya jina la makala, mara nyingi ni ya kupakua bure.

Hatua ya 6: Nywila na barua pepe

Kwa kifupi. Ukibadilisha laini, ingia kwenye akaunti ya Google siku hiyohiyo ubadilishe namba ya kurejeshea. Mashine isiyo yako, tumia dirisha la faragha la Chrome (Ctrl+Shift+N, ileile ya folda, mahali tofauti) na ulifunge ukimaliza. Barua kwa mhadhiri iwe na kichwa, jina na namba ya usajili. "Mambo dkt, kazi hiyo hapo" si barua.

MASWALI

Mwenzetu wa Mbeya: Mkuu, fleshi yangu ilitoka steshenari, sasa folda zote zimekuwa shortcut. Nifomati?

Jibu: Usifomati, na usizibofye hizo shortcut. Kwa kawaida mafaili yako yamo, kirusi kimeyaficha tu. Skani kwanza kwa Windows Security. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), ingia. Ikiwa fleshi inaonekana kama F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri imalize. Folda zikijitokeza, hamisha kazi zako tu, zile za Word, PDF na picha. Chochote chenye .exe, .vbs au .lnk kiache. Hapo sasa fomati.

Mwenzetu wa Dodoma: Nikiunga laptopu kwenye hotspoti ya simu, bando la wiki linaisha kwa saa moja. Naibiwa?

Jibu: Huibiwi, dada. Windows ikiona waifai inadhani ni ya bure, inaanza kupakua masasisho. Ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua jina la hotspoti yako, washa Metered connection, yaani unaiambia Windows bando hili linapimwa. Na kama OneDrive (ghala la mtandaoni la Microsoft) inapandisha mafaili kimyakimya, isimamishe.

Mwenzetu wa Tanga: Nachapa kwa vidole viwili, kaka. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza. Papasa herufi F na J, zina vijistari vilivyoinuka. Vidole vya shahada vikae hapo. Robo saa kila siku bila kutazama chini. Wiki ya kwanza utakuwa polepole kuliko ulivyokuwa, vumilia.

Mwenzetu wa Morogoro: Boom (pesa ya mkopo) likitoka nataka laptopu ya mtumba. Niangalie nini?

Jibu: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, na diski iwe SSD (aina ya diski yenye kasi), hiyo SSD ina faida kuliko rangi na unene wa mashine. Muulize muuzaji kama inakubali Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhusu betri usisikilize maneno. Fungua cmd hapohapo dukani, andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha ripoti ilikowekwa. Ifungue ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 20,000, hiyo ni mashine ya kuishi ukutani, na bei ishuke.