Kufundisha Fizikia shule isiyo na mwalimu wa Fizikia

Mimi nafundisha Hisabati na Jiografia katika shule ya kata huku Makete. Mwalimu wetu wa Fizikia alihamia mjini, vipindi vyake vikaangukia kwangu. Iringa kuna vyuo vya Mkwawa na Kleruu vinavyoandaa walimu wa sayansi kila mwaka, ila kuhitimu ni suala moja, kuja kukaa huku kwetu Ukinga na baridi ya Julai ni suala jingine. Kama nanyi mnasubiri ajira mpya, msikae bure. Fundisheni kwa video na michezo ya kompyuta, mkiionyesha kwa projekta. Fanyeni hivi.

Anza na ratiba, kompyuta baadaye. Kila kipindi kiwe na mwalimu ndani ya darasa, hata awe wa Kiswahili. Si lazima aijue Fizikia; awe na azimio la kazi (mpangilio wa mada za kufundisha) mkononi na asione haya kusimamisha video. Ukimwachia monita rimoti, hiyo tayari ni sinema.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunueni projekta, vishikwambi viacheni kwanza. Umeme wa gridi ukisumbua, pigeni hesabu ya betri mapema. Betri ya kawaida ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, utaiua. Zinabaki 600. Projekta ya wati 250 na kompyuta ya wati 50 zinamaliza hizo kwa saa mbili, na inveta nayo inakula chake. Kwa hiyo una uhakika wa vipindi viwili vya dakika 40, si zaidi. Omba mwalimu wa taaluma akupangie dabo, yaani vipindi viwili vinavyofuatana.

Masomo pakua mjini, Njombe au Mbeya, kwenye mtandao wa uhakika. Weka Kolibri, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, kisha ongeza michezo ya majaribio ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado. Vitabu vya kiada vipo bure maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na mitihani iliyopita ipo tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani). Kabla hujapanda gari kurudi, zima Wi-Fi, fungua kila kitu kimoja kimoja. Kisichofunguka pale stendi hakitafunguka Makete.

Ubao mweusi hauonyeshi picha, tundika shuka jeupe. Madirishani weka blanketi za bweni. Masika sauti haina maana, mvua ikipiga bati hata spika kubwa haisikiki. Siku hiyo zima sauti, eleza mwenyewe kwa kinywa chako huku picha zikienda. Kusema kweli, mara nyingi wanaelewa zaidi hivyo, maana Kiingereza cha Kimarekani kwa mtoto aliyetoka darasa la saba juzi ni kelele nyingine.

Sasa kipindi chenyewe. Chukua mada ya umeme. Fungua mchezo wa PhET wa kuunda saketi, unganisha betri na balbu moja, iwake. Halafu usibonyeze chochote. Uliza: nikiongeza balbu ya pili kwa mfululizo, yaani zifuatane kwenye waya mmoja, hii ya kwanza itafanyaje? Kila mtu aandike jibu lake daftarini, kisha nyoosheni mikono. Wengi husema haibadiliki. Bonyeza, zote mbili zinafifia, na hapo ndipo darasa linaanza kubishana. Waache wabishane. Kisha ziunganishe kwa sambamba, kila balbu na njia yake hadi kwenye betri, uliza tena. Baada ya hapo zima projekta, gawa betri za tochi, waya na balbu, warudie kwa mikono yao. Tafuta balbu za tochi za zamani zenye uzi ndani. Za LED hupitisha umeme upande mmoja tu, zitakuvurugia somo.

Maswali yatakayokushinda yatakuja, na usiyabahatishe. Weka kaunta buku moja la darasa, wanafunzi wayaandike humo. Jioni piga picha ukurasa, mtumie kwa WhatsApp mwalimu wa Fizikia mnayeelewana naye, hata akiwa Tukuyu. Shule imtafutie bando, si haki atumie lake. Majibu yake yaandike kwenye kaunta buku hilohilo, na tarehe.

Siku mwalimu mpya akiripoti, mpe hilo buku pamoja na azimio la kazi. Atajua mada zipi zifundishwe upya, kwa sababu maswali yaleyale yatakuwa yamejirudia kurasa nzima.