Udongo wa mchangatope bonde la Ruvu: kuupima, kuulima na kuujengea

Udongo ulioletwa na mafuriko ya Ruvu, sawa na ule ulioletwa na upepo pembezoni mwa majangwa, una tabia moja inayotawala nyingine zote: unashika maji, lakini haujishiki. Chembe zake zina upana wa kati ya milimita 0.002 na 0.05, yaani ni ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi. Mchanga hupitisha maji, mfinyanzi hunata. Mchangatope haufanyi vizuri hili wala lile. Hapo ndipo zinapoanzia mbegu zisizochomoza, tofali linalomong'onyoka pembe na ukuta unaopanda unyevu. Kosa linalogharimu zaidi ni kuudhania mfinyanzi kwa sababu unateleza ukilowa. Kwa hiyo tunaanza na vipimo.

Hatua ya 1: sampuli

Pita shambani kwa zigizaga na uchimbe vishimo 8 hadi 10 kwa ekari. Ondoa majani ya juu, chota udongo kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20, kisha changanya kwenye ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea wala saruji. Anika kivulini, ponda madonge kwa kipande cha mti, chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 2. Kwa ujenzi, chota chini ya nusu mita. Udongo wa juu wenye mizizi huacha matundu ndani ya tofali.

Hatua ya 2: kiganja

Ukiwa mkavu, mchangatope husagika vidoleni kama unga wa ngano. Loweka kidogo, ukande, utengeneze donge la kujaa kiganja. Sasa pigapiga mkono huo kwa mkono wa pili. Maji yakijitokeza juu na donge likang'aa, kisha yakarudi ndani unapolibana, huo ni mchangatope. Mfinyanzi haung'ai hivyo.

Thibitisha kwa utepe: sukuma udongo uliokandwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, una mfinyanzi kidogo. Ukivuka sentimita 5, huo ni mfinyanzi, na ushauri wa kilimo ulio hapa chini haukuhusu.

Hatua ya 3: chupa

Tafuta chombo angavu cha lita 1 chenye kuta zilizonyooka. Chupa ya soda yenye kitako cha mabonde hudanganya, maana tabaka la chini halisomeki. Jaza theluthi moja ya udongo, weka maji hadi karibu na shingo, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga, uache ulale hadi asubuhi. Tikisa kwa nguvu dakika 5, weka mezani, na usiguse tena.

Weka alama baada ya dakika 1 (mchanga), baada ya muda wa saa 2 (mchangatope), na maji yakishaanza kuwa angavu, baada ya siku 1 au 2 (mfinyanzi). Tuseme jumla ni sentimita 10: mchanga 2, mchangatope 6.5, mfinyanzi 1.5. Udongo wako ni asilimia 20, 65 na 15.

Karibu na mdomo wa mto, kipimo hiki kina mtego. Chumvi hufanya chembe za mfinyanzi zishikane na kuzama mapema, hivyo zinahesabiwa kuwa mchangatope. Kama maji yameangaa ndani ya saa chache tu, mwaga maji hayo taratibu, suuza udongo mara mbili au tatu kwa maji ya mvua, kisha rudia.

Hatua ya 4: donge kwenye maji ya mvua

Dondosha donge kavu la sentimita 1 kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kukoroga. Likivunjikavunjika lakini maji yakabaki angavu, ni kawaida ya mchangatope. Maji yakigeuka maziwa kuzunguka donge, kuna sodiamu nyingi. Hapo usikimbilie kununua jasi, madini ya kupunguza sodiamu udongoni: peleka sampuli TARI Mlingano (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), Muheza, upimiwe chumvi na sodiamu, kwa sababu kiasi cha jasi hutegemea namba hizo.

Kuulima

Matone ya mvua huvunja punje za juu, vumbi huziba vitundu, na jua likitoka unabaki ukoko ambao mche wa mchicha hauwezi kuupasua. Changanya samadi iliyoiva kilo 2 kwa mita mraba, sawa na tani 8 hivi kwa ekari. Panda, funika kitalu kwa nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, na uondoe nyasi mara miche ichomozapo. Ukoko ukishajitokeza, ulainishe kwa maji kidogo kisha ukwaruze juujuu kwa reki, usizidi sentimita 1. Miche ikipata nguvu, rudisha matandazo ya sentimita 5 hadi 10. Usilime udongo ukiwa umelowa. Utaugandamiza, na masika yote maji yatasimama juu. Kwa mpunga kuziba huko ni faida.

Ukoko una kazi nyingine pia. Katika jangwa la Negev, kusini mwa Israeli, ambako maeneo mengi hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka, wakulima wa kale waliacha miteremko ya udongo wa aina hii izibe, wakaelekeza maji yanayotiririka kwenye vishamba vya bondeni. Bagamoyo mbinu hiyo inasaidia mche wa mwembe kuvuka kiangazi. Chimba tuta la nusu duara lenye upana wa mita 4 na kimo cha sentimita 25, mdomo ukitazama juu ya mteremko. Shindilia udongo ukiwa na unyevu kidogo na upande nyasi juu yake, la sivyo mvua ya kwanza kubwa italibeba. Tandaza majani kwenye shina tu. Eneo la kuvunia maji libaki wazi. Masika yakianza, toboa njia ya maji pembeni ili mizizi isioze.

Kuujengea

Tofali la kukauka juani linataka mfinyanzi asilimia 15 hadi 30 na mchanga angalau nusu. Kwa udongo wa mfano wetu, chukua ndoo 2 za udongo huo, ndoo 2 za mchanga na ndoo 1 ya udongo wenye mfinyanzi wa asilimia 60 hivi. Utapata mchanga unaopita kidogo nusu na mfinyanzi asilimia 18. Mchanga wa ufukweni usiutumie: chumvi yake hutokeza baadaye na kubandua lipu.

Kwa tofali za kufyatua, anza na saruji ndoo 1 kwa ndoo 18 za mchanganyiko, ikiwa kipande cha majaribio cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4 kimesinyaa chini ya milimita 15 baada ya kukauka. Tahadhari: mchangatope mtupu nao husinyaa kidogo, na ukadhani ni mzuri wakati haunati. Kwaruza pembe ya kipande hicho kwa kucha. Ukitoka unga, ongeza mfinyanzi na upime upya.

Maji ya kuchanganyia yapime kwa kudondosha donge lililobanwa kutoka kimo cha bega. Likipasuka vipande 4 au 5, fyatua. Likisambaratika, maji hayatoshi. Likibaki donge moja, yamezidi. Funika tofali kwa nailoni na uzinyunyizie maji siku 7 mfululizo. Hukomaa siku ya 28.

Msingi usikae juu ya mchangatope uliolegea. Ukikauka unabeba mzigo vizuri, lakini ukilowa unaweza kushuka ghafla. Chimba hadi udongo mgumu, ielekeze mifereji ya paa mbali na ukuta, na uweke nailoni nzito kati ya msingi na tofali la kwanza, kwa kuwa udongo huu huvuta maji kwenda juu zaidi ya mita 1.