Kusikiliza upya kitabu cha sauti cha upelelezi na kumpima msomaji

Ukishamjua muuaji ndo wakati mzuri wa kumpima msomaji, yule anayekusomea kitabu kwa sauti, maana hukimbizani tena na stori, unasikia sauti yenyewe. Mimi narudia sana The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie (1926) iliyosomwa na Hugh Fraser, yule aliyeigiza Kapteni Hastings, rafiki wa mpelelezi Poirot, kwenye TV, naipenda mno.

Weka spidi ya kawaida, usisikilize kwa moja na nusu, utaua vituo vyote, pale msomaji anaponyamaza kidogo, na vituo ndo kazi yenyewe. Vaa hedifoni. Sikiliza sura ya kwanza halafu ruka mpaka Poirot anapotokea na mamung'unye yake, umsikie Mbelgiji yule, lafudhi ipo ila kila neno unalielewa? Ikizidi inakuwa vichekesho.

Kipimo changu kikubwa ni hiki, fumba macho watu wakiwa wanaongea, kama unamjua anayeongea kabla hajatajwa basi msomaji anaiweza kazi, na msikilize sana Caroline, dada yake daktari anayesimulia stori, maana wanaume wengi wakisoma sauti ya mwanamke wanabana pua tu wakati inatakiwa wabadilishe mwendo wa maneno.

Af nenda usiku wa mauaji, hapo sikiliza mara mbili. Msomaji anaijua siri yote na hatakiwi kuivujisha, sauti ikiwa nzito kidogo tu kabla ya wakati wake ameshaharibu, ikiwa kavu kabisa nayo haina utamu. Andika dakika za kila sehemu iliyokugusa, kesho uirudie.