Kloni za mkaratusi kwa vikonyo: hatua kwa hatua, kwa bustani za Moshi na Arusha

Mkulima wa kahawa wa Hai au Marangu hahitaji kufundishwa kloni ni nini: ni miti yote iliyonakiliwa kutoka mti mmoja. Miche ya chotara ya TaCRI Lyamungo, taasisi ya utafiti wa kahawa, huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi, na bustani mama, ile ya kukatia vikonyo, anaijua. Mkaratusi wa nguzo na mbao unakubali njia hiyohiyo. Mbegu za mti mmoja mnyoofu zitakupa minyoofu, mipinda na midumavu. Kikonyo kitakupa mti uleule ulioukata. Hakuna jeni ya kigeni iliyopandikizwa hapa: ni bayoteknolojia ya mkasi na unyevu.

Kalenda kwanza. Miche iende shambani masika yakishika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Kikonyo huchukua wiki 3 hadi 5 kutoa mizizi, kisha miezi 2 hadi 3 kufika sentimita 25 au 30. Basi kiingie kitandani Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Wanaotaka kuwahi vuli hulazimika kukata Juni na Julai, Arusha ikiwa kwenye baridi yake. Mizizi hugoma, kuvu hustawi. Hiyo mimi siishauri.

Hatua ya 1: mama. Kwa tambarare za Moshi zenye joto na ukame, tafuta kloni za GC, yaani chotara wa *Eucalyptus grandis* na *camaldulensis*. Nunua kwa anayekutajia namba ya kloni. Asiyeijua anakuuzia miche ya mbegu kwa bei ya kloni.

Ukitaka kunakili mti wako mwenyewe, ulinganishe na wenzake wa umri mmoja walio katikati ya shamba. Mti wa pembeni mara nyingi ni mnene kwa sababu ya mwanga, si kwa sababu ya ukoo. Na hapa ndipo wengi wanapopoteza mwaka: wanapanda juu, wanakata matawi mabichi. Tawi la juu linabeba umri wa mti mzima, hata kama limechipua wiki iliyopita, na halitoi mizizi kirahisi. Ujana umebaki chini, kwenye shina karibu na ardhi. Kata mti, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, subiri miezi 2 au 3, kisha tumia machipukizi ya kisiki.

Hatua ya 2: bustani mama. Panda kwa nafasi ya nusu mita, kata kila shina liwe fupi, sentimita 15 hivi, na liachie majani machache ya kulilisha. Mbolea ya naitrojeni iwe kidogo, kwani chipukizi lililonenepeshwa huoza kitandani. Mwagilia jioni ya kabla ya kuvuna.

Hatua ya 3: kitanda. Changanya mchanga mnene wa mto uliooshwa na pumba za mpunga zilizochomwa, nusu kwa nusu. Pumba ziishie kuwa nyeusi. Zikiwa jivu jeupe zinaongeza magadi. Samadi usitie kabisa. Jaza viriba vidogo vyenye matundu, pinda fito juu yake, funika kwa nailoni angavu, na juu zaidi weka neti ya kivuli cha asilimia 50.

Hatua ya 4: kukata. Fanya asubuhi na mapema. Mkasi uoshwe kwa jiki, sehemu 1 kwa maji 9. Chipukizi zuri hupinda bila kuvunjika na bila kulegea kama uzi. Kata sentimita 8 hadi 10, acha jozi moja au mbili za majani, kisha kila jani likatwe nusu. Weka kwenye ndoo yenye kitambaa kibichi, na ndani ya saa moja viwe vimepandwa.

Homoni ya mizizi, ile iliyoandikwa IBA kwenye kopo, iwe ya unga wa asilimia 0.3 hadi 0.8, chipukizi changa sana huridhika na ile hafifu. Mimina kidogo pembeni, usichovye ndani ya kopo. Chovya sentimita 1, kung'uta. Toboa tundu kwa kijiti kwanza ili unga usifutike, kisha chomeka kikonyo kwa kina cha sentimita 2 au 3 na ushindilie.

Hatua ya 5: unyevu. Ndani ya nailoni pawe na umande muda wote wa mchana. Pulizia ukungu mwembamba kwa bomba la mgongoni mara 4 hadi 6, ya mwisho kabla ya saa kumi na moja jioni. Baadhi ya visima upande wa Meru vina magadi. Majani yakibaki na unga mweupe, hamia maji ya mvua.

Kitanda chenyewe kitakwambia kosa lako. Majani yakidondoka siku za mwanzo, nailoni ilikuwa wazi. Kitako cha kikonyo kikiwa cheusi, maji yamezidi au mkasi ulikuwa mchafu. Ondoa vyote vilivyooza siku hiyohiyo. Kitako kikifanya uvimbe mweupe kama bisi bila mizizi, tazama baridi au uzee wa chipukizi. Mara ya kwanza piga hesabu ya nusu kufaulu: ukitaka 500, panda 1,000.

Hatua ya 6: kukomaza. Fungua nailoni kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, hamishia kwenye viriba vikubwa, na wiki za mwisho punguza kivuli na maji.

Hatua ya 7: shambani. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huingiza miti karibu 450 kwa ekari. Usijaze kloni moja. Nyigu mdogo *Leptocybe invasa*, anayetia vinundu kwenye vishikizo na mishipa ya majani, akiipenda kloni yako, ataipenda miti yote kwa sababu yote ni mti mmoja. Changanya kloni 4 au 5 kwa vitalu, kila kimoja na kibao chake. Ukingoni mwa mto sheria ya mazingira ya 2004 inataka uache mita 60, na chemchemi au mfongo (mfereji wa maji) wa jirani navyo uviache mbali: mkaratusi unakunywa sana, na kesi ya maji huko mlimani haiishi upesi.