Kupima nguvu ya seli za NK za panya kuua seli za saratani, hatua kwa hatua

Watu wengi hapa Nakuru na Kisumu wanaanza kazi ya kinga mwilini wakidhani mpaka uwe na kromiumu ya mionzi ndo upime seli za NK (natural killer, seli za kinga zinazoua seli mbovu kama za saratani) zinaua kiasi gani. Si lazima. Kuna njia ya LDH, kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli, seli ikipasuka kinamwagika kwa media (yale maji ya kulishia seli) na unakipima kwa rangi. Mashine ya kusoma pleti inatosha, ila njia hii haisamehi uchafu, na hapo ndo nitakaa sana.

Kwanza kibali. Kamati ya maadili ya taasisi yako na leseni ya NACOSTI (tume ya serikali inayoruhusu utafiti) viwe mkononi kabla hujagusa panya yeyote. Huyo mnyama anakufa kwa ajili ya hii data, kwa hivyo panga pleti yako kwa karatasi siku moja kabla.

Hatua ya 1: seli za kuuawa. Tunatumia YAC-1, limfoma ya panya, ina MHC daraja la kwanza (alama ya juu ya seli inayozuia NK zisiishambulie) kidogo sana na NK zinaishambulia bila kufundishwa. Gawanya siku moja kabla ndo ziwe zinakua vizuri, na ukipaka tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu) zilizo hai ziwe zaidi ya asilimia 95.

Hapa niseme kitu cha inkubeta. Nakuru tuko mita kama 1,850 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, sasa ukiweka CO2 asilimia 5 vile kitabu kinasema media inapata gesi kidogo kuliko inavyotaka. Angalia rangi ya media ya kukuzia, ikianza kuwa ya pinki jua pH imepanda, peleka CO2 kwa asilimia 6 hivi alafu uangalie tena kesho yake. Kisumu, mita 1,130 hivi, shida hii ni ndogo.

Hatua ya 2: bandama ya panya, ndo tunatoa NK hapo. Itoe, iweke kwa media baridi juu ya barafu, isage polepole kwa chujio ya mikroni 70 ukitumia kile kichwa cha pistoni ya sirinji. Sentrifuji, alafu uue seli nyekundu za damu kwa ACK, dawa ya kuzipasua. Usiharakishe hapa tafadhali! Seli nyekundu zimejaa LDH, zikibaki na zipasukie kwa pleti utasoma rangi kali na kufikiri NK zako ni moto kumbe ni damu. Osha mara 2 au 3, mpaka ile tonge ya chini iwe nyeupe na maji ya juu yasiwe na wekundu hata kidogo.

Hatua ya 3: pleti. Chukua ile ya visima 96 yenye chini ya mviringo. Media ya hapa iwe RPMI (aina ya media) isiyo na fenoli nyekundu, ile rangi ya kuonyesha pH, na seramu isizidi asilimia 5, kwa sababu seramu nayo ina LDH yake. YAC-1 weka 10,000 kwa mikrolita 100. Seli za bandama anza na milioni 1 kwa mikrolita 100, hiyo ni seli 100 za bandama kwa YAC-1 moja, alafu punguza nusu nusu: 50, 25, 12.5. Usishtuke na 100, kwa bandama NK ni asilimia chache tu. Kila kitu visima 3.

Kontroli ndo roho ya hii kazi: YAC-1 peke yake, YAC-1 na Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya kuzipasua zote, seli za bandama peke yake kwa kila uwiano (hii watu huruka sana), na media tupu.

Hatua ya 4: zungusha pleti 250 g dakika 4 ndo seli zigusane, kisha inkubeta 37°C masaa 4. Usiache usiku mzima, LDH inaharibika kwa media. Triton iingie dakika 45 kabla ya mwisho.

Hatua ya 5: zungusha tena, chota mikrolita 50 za juu bila kugusa tonge, hamishia pleti ya chini bapa, ongeza dawa ya rangi mikrolita 50, giza dakika 30, weka dawa ya kusimamisha rangi, soma kwa 490 nm. Triton inaleta povu, toboa kila povu kwa sindano safi kabla ya kusoma.

Hesabu: toa media tupu kwa kila namba. Tuseme mchanganyiko ni 0.75, bandama peke yake 0.25, YAC-1 peke yake 0.20, na zilizopasuliwa zote 1.20. Basi 0.75 toa 0.25 toa 0.20 ni 0.30, gawanya kwa 1.20 toa 0.20, unapata asilimia 30.

YAC-1 peke yake ikipita asilimia 20 ya zilizopasuliwa zote, tupa hiyo pleti, zilikuwa zinakufa zenyewe. Na uuaji lazima ushuke ukitoka 100 kwenda 12.5, ukibaki palepale rudi hatua ya 2 uangalie damu. Ukipata asilimia ndogo kila mahali lakini kontroli ziko sawa, panya ambaye hajachokozwa huwa hivyo, poly I:C (kemikali inayofanana na RNA ya virusi) ukimpa siku moja kabla inaziamsha NK vizuri, ila iwe imeandikwa kwa kibali chako.