Jinsi ya kumtafuta tena rafiki mliyepoteana

Usitume "mambo" tupu alafu ukanyamaza, mtu anabaki anajiuliza kuna shida gani. Mwambie kilichokufanya umkumbuke hata kama ni kidogo, labda ile tabia yake ya kuaga mara tatu mlangoni na bado anaendelea na stori nusu saa, mi naamini watu wa hivyo hawataki tu kubaki peke yao, na upweke sio mchezo jamani, Uingereza 2018 waliteua hadi waziri wa kushughulikia upweke. Msamaha sentensi moja inatosha. Alafu taja siku na saa ya kuonana, maana "tutatafutana" huwa haifiki popote. Asipojibu mpe wiki, umcheki tena bila lawama.