Jinsi ya kuchemsha mahindi kwa chokaa ili niasini yake isipotee bure

Niasini, au asidi ya nikotini kwa jina la maabara, ndo ile vitamini B3. Mwili unaichukua unatengenezea NAD na NADP, visaidizi ambavyo vimeng'enya mamia (protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini) haviendi bila hivyo, vyenyewe ndo vinapokea elektroni chakula kinapovunjwa na kuzipeleka kule seli inakotengenezea nguvu. Ikikosekana unapata pelagra: ngozi inababuka sehemu zinazopigwa jua, shingoni na mikononi hasa, unaharisha, akili inavurugika, na usipotibiwa unakufa.

Sasa mahindi niasini yanayo, ila imefungwa kwenye punje na tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko toka enzi na enzi wanayachemsha kwa chokaa, chokaa inaifungua. Mahindi yalipofika Ulaya chokaa ikaachwa nyuma, maskini wa Hispania na Italia waliokula mahindi siku nzima wakaanza kuugua, daktari Mhispania Gaspar Casal akaueleza ugonjwa huo 1735, na ilibidi kusubiri mpaka 1937 ndo mwanakemia Conrad Elvehjem kule Wisconsin, Marekani, aonyeshe kwamba dawa ni asidi ya nikotini. Miaka mia mbili hiyo!

Haya jikoni. Chukua kilo moja ya mahindi makavu yasiyokobolewa, maji lita 3, na chokaa ya kula kama gramu 10, kijiko kimoja cha chakula hivi. Chokaa ya kupaka ukuta usiguse kabisa. Na sufuria, hapa wengi ndo wanaharibu, usitumie hizi zetu za alumini maana chokaa inaila, tafuta ya stili au chungu.

Koroga chokaa kwenye maji kwanza (usiivute puani wala isikurukie machoni), mimina mahindi, chemsha moto wa wastani nusu saa mpaka dakika 45, epua, funika, yalale humo humo usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yamekuwa ya njano na yanateleza, chukua punje moja ifikiche kwa vidole, ganda likivuka lenyewe yameiva vizuri, likigoma rudisha motoni kidogo. Mwaga hayo maji, suuza mara mbili tatu huku unayafikicha, ila usiyasugue mpaka uchoke, ganda likibaki kidogo halina neno.

Hapo unaweza kusaga yakiwa mabichi hivyo hivyo ukachoma chapati zake, au ukapika makande kama kawaida, yanawahi kuiva. Harufu yake inabadilika kidogo, mi naipenda, watoto wengine wanakataa siku ya kwanza.

Kama chokaa huna, karanga zinakuokoa: gramu 100 zina niasini miligramu 12 na zaidi, na mtu mzima anahitaji 14 kwa mwanamke, 16 kwa mwanaume kwa siku. Dagaa, nyama na maharage pia, kwa sababu mwili unaweza kutengeneza niasini kutoka kwenye triptofani, moja ya vipande vinavyojenga protini, ingawa inaenda miligramu 60 kupata moja tu.

Vidonge vya dozi kubwa usijinunulie tu dukani, vinawasha uso na kuufanya mwekundu, na ukizidisha sana ini linaumia. Anayetumia isoniazidi ya TB akiona ngozi inababuka juani amwambie daktari mapema, hiyo dawa nayo inaweza kuleta pelagra.